Kutoka duka la Mangi hadi mti wa Mangi Meli: Picha za kale zinazosubiri majina

"Nenda kwa Mangi ukalete sukari nusu."

Sentensi hiyo husikika kila jioni Sinza, Mbagala na mitaa mingine mingi nchini. Mtoto huchukua noti, hutoka mbio na kurudi na sukari pamoja na chenji. Hajiulizi Mangi ni nani. Anachojua ni kwamba Mangi ni yule mwenye duka pale kwenye kona, awe Mchagga au asiwe.

Ikifika Desemba, baadhi ya watoto hao hupandishwa basi pamoja na wazazi wao kwenda Moshi. Utani wa miaka yote ni kwamba Wachagga wanakwenda "kuhesabiwa". Huko kunasubiri mtori, ndafu, mbege kwa wakubwa na foleni ya kuamkia wazee. Baada ya Mwaka Mpya safari inageuka, na wengi hurudi mjini wakiwa na ndizi nyingi kwenye buti na hadithi chache kichwani.

Safari hiyo hiyo inaweza kuwa na siku moja ya ziada. Ni siku ya kumpeleka mtoto mahali ambapo neno Mangi lilikuwa na uzito mwingine, kisha kurudi nyumbani kwa bibi na kufungua sanduku la picha lililo chini ya kitanda.

Moshi mbili

Mji wa Moshi wanaoujua wasafiri wa leo, wenye stendi, soko na maduka, ni mtoto wa reli. Njia ya treni kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1911, na mji ukakua tambarare, chini ya mlima. Kabla ya hapo, mtu aliyetaja Moshi alimaanisha mahali pa juu zaidi, kwenye migomba. Huko ndiko kunakoitwa Old Moshi hadi leo.

Kufika huko si kazi kubwa. Familia hutoka mjini kwa barabara ya Himo hadi Kiboriloni, kisha hupinda kushoto na kuanza kupanda. Joto linapungua taratibu. Mahindi ya tambarare yanapungua, migomba na mibuni inaanza kushikana, na mifereji inapita kando ya njia. Pembezoni mwa vihamba kuna masale, mmea wa majani marefu ambao kila mtoto wa Kichagga anapaswa kuujua. Sale huonyesha mpaka wa shamba. Sale hupandwa penye kaburi. Na mtu aliyemkosea mwenzake hulipeleka jani la sale kuomba msamaha, na ni vigumu kwa aliyekosewa kulikataa.

Katika kijiji cha Tsudunyi bado umesimama mti ambao wazee huwaonyesha wageni. Hapo ndipo alipokufa Mangi Meli.

Siku ya Machi 2, 1900

Meli alirithi utawala kutoka kwa baba yake, Mangi Rindi, ambaye Wazungu wa wakati huo walimwita Mandara. Rindi alifariki mwaka 1891, wakati Wajerumani wakijaribu kuiweka nchi nzima mkononi. Mwaka uliofuata, Juni 1892, askari wa Kijerumani walipanda kumwadhibu Meli. Walishindwa, na kiongozi wao, Albrecht von Bülow, akauawa.

Ushindi huo haukudumu. Agosti 1893 Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi wakiongozwa na Friedrich von Schele, na safari hii Meli alishindwa. Aliendelea kuishi chini ya macho yao hadi alipotuhumiwa kupanga uasi. Machi 2, 1900 alinyongwa pamoja na viongozi wengine wa Kilimanjaro na Meru. Jumla yao walikuwa 19.

Masimulizi ya familia yanasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Hilo halikuwa jambo la ajabu enzi zile. Mafuvu mengi yalisafirishwa kutoka makoloni kwenda Berlin na miji mingine, ambako watafiti waliyapima kwa nadharia za ubaguzi wa rangi ambazo sayansi ilikuja kuzitupa.

Kwa Mchagga, jambo hili linaingia ndani ya nyumba. Kihamba ni shamba, ni nyumba, na ni mahali wanapolala waliotangulia. Mtu asiyezikwa kihambani ameacha nafasi tupu nyumbani kwake. Mjukuu wa Meli, Mzee Isaria Meli, alitumia miongo mingi kudai kichwa cha babu yake kirudishwe, na alikubali kutoa sampuli ya vinasaba ili ilinganishwe na mafuvu yaliyohifadhiwa Ujerumani.

Karatasi zilipopanda mlima

Kwa muda mrefu, mtu wa Old Moshi aliyetaka kuona picha au maandishi ya wakati wa Meli alilazimika kwenda Ulaya. Nyaraka zilikuwa huko, na wajukuu walikuwa huku. Katika miaka ya karibuni hali hiyo imeanza kubadilika kidogo.

Mwaka 2019 maonyesho kuhusu Mangi Meli yalifunguliwa Old Moshi kwenyewe. Yaliandaliwa na kikundi cha sanaa cha Flinn Works cha Berlin kwa kushirikiana na watu wa hapo, na yalitumia picha, michoro na maandishi ya kale kutoka hifadhi za Ujerumani. Mwaka 2022 yakafuata maonyesho mengine yaliyoitwa Marejesho. Haya hayakukaa mahali pamoja. Yalizunguka vijiji vya Kilimanjaro na Meru yakiwa na picha za vitu na mabaki ya watu yaliyoko kwenye makumbusho ya Ujerumani, ili wenye historia waone kilichochukuliwa na waseme wanataka nini kifanyike.

Kisha Septemba 2023 ikaja habari kutoka Berlin. Taasisi inayosimamia makumbusho ya serikali mjini humo, Stiftung Preußischer Kulturbesitz, ilikuwa imechunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki. Kati ya hayo yote, ni manane tu yaliyokuwa na maelezo ya kutosha kuwezesha watafiti kuwatafuta ndugu walio hai. Matatu yalipata ndugu zao kwa kipimo cha vinasaba, na yote matatu yalihusu familia za eneo hili la kaskazini.

Moja la hayo matatu lilijulikana kwa jina. Lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Kwa kuwa jina lilikuwapo, watafiti walijua mlango wa kubisha hodi. Na kwa kuwa familia ilikuwa bado inamkumbuka mtu wao, palikuwa na mtu wa kuitikia.

Fuvu la Meli mwenyewe halikuwa kati ya yale yaliyotambuliwa.

Hapo ndipo mzazi anaweza kutulia kidogo na kumweleza mtoto wake hesabu hiyo kwa lugha rahisi. Mafuvu zaidi ya elfu moja na mia moja, na manane tu yenye maelezo ya kutosha. Yale mengine nayo yalikuwa ya watu. Walikuwa na mama zao, na walikuwa na majina. Aliyeyachukua hakuona haja ya kuyaandika.

Novemba 1 mwaka huo huo, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea kwa familia ya Nduna Songea Mbano, shujaa wa Majimaji aliyenyongwa mwaka 1906, na akaomba radhi kwa yale yaliyofanywa na Wajerumani. Watu wa Kilimanjaro waliosikia hotuba hiyo wanajua maana ya kuomba msamaha. Wanajua pia kwamba jani la sale huletwa na mwenye kosa mwenyewe, mpaka nyumbani kwa aliyekosewa.

Kidia na picha za wamisionari

Kutoka kwenye mti wa Meli, familia inaweza kuendelea hadi Kidia, kwenye usharika wa Kilutheri ambao ni miongoni mwa ya zamani mlimani. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893, na miaka mitatu baadaye wakafungua kituo hapa Moshi ya juu. Mmoja wao, Bruno Gutmann, alifika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka kabisa mwaka 1938. Aliandika vitabu vikubwa kuhusu sheria, mafundisho na desturi za Wachagga. Aliviandika kwa Kijerumani, kwa hiyo mjukuu wa mzee aliyemsimulia Gutmann habari hizo leo anahitaji mkalimani ili asome maneno ya babu yake.

Picha ni rahisi zaidi kusoma. Wamisionari wa Leipzig walipiga nyingi: ujenzi wa makanisa, madarasa, harusi, masoko, akina mama wenye mizigo ya majani, vijana waliosimama wima mbele ya kamera wasijue waweke wapi mikono. Sehemu ya hazina hiyo imewekwa kwenye mkusanyo wa picha za kimisioni unaotunzwa na Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, na mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kuifungua bila malipo. Akitafuta kwa majina ya mahali kama Machame, Mamba au Moshi, ataona mlima wake ulivyokuwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Ataona pia tatizo lile lile la mafuvu, ingawa kwa kiwango kingine. Chini ya picha nyingi za aina hii pameandikwa mahali, pengine mwaka, pengine jina la mpigapicha. Aliyepigwa anaitwa mwanamke wa Kichagga, au mwalimu, au wanafunzi.

Kazi ya kujaza nafasi hiyo haiwezi kufanywa California wala Leipzig. Inaweza kufanywa kihambani, jioni, na bibi mwenye macho ya kutosha na mjukuu aliyeshika simu akikuza sura moja moja. Mara nyingi bibi atasema hamjui. Siku moja atasema, "Huyu si ndiye aliyekuwa mwalimu wa baba yangu?" Na hapo itapatikana habari ambayo hakuna hifadhi yoyote duniani inayo.

Mwalimu mwenye madaftari

Wachagga hawakusubiri wageni tu wawaandikie. Upande wa Marangu, mwanzoni mwa karne iliyopita, mwalimu wa Kilutheri aitwaye Nathaniel Mtui alikusanya historia za tawala za umangi kutoka kwa wazee na kuziandika kwenye madaftari. Kathleen Stahl alipotayarisha kitabu chake cha historia ya Wachagga, kilichotoka mwaka 1964, aliyategemea madaftari hayo pamoja na masimulizi ya wazee aliokutana nao. Mangi Petro Itosi Marealle naye aliandika kwa Kiswahili kitabu kiitwacho Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilichotoka mwaka 1947.

Mtui alikuwa mwalimu wa shule. Alichokuwa nacho ni kalamu, daftari na wazee wa kuwauliza. Wazee hao wote wamekufa, na baadhi ya waliyosema tunayajua kwa sababu alikwenda kuwauliza kabla hawajafa.

Sanduku la chini ya kitanda

Nyumba nyingi za mlimani zina sanduku la bati au begi la zamani ambalo watoto hukatazwa kuligusa. Ndani yake mna picha ya harusi iliyofifia, cheti cha ubatizo, barua kutoka kwa mjomba aliyekuwa masomoni, hati ya mgogoro wa mpaka wa kihamba na stakabadhi za kahawa. Hizo stakabadhi si takataka. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, moja ya vyama vikuu vya ushirika vya zamani kabisa barani Afrika. Karatasi inayoonyesha babu aliuza kilo ngapi, mwaka gani, kwa bei gani, ndiyo inayoeleza ada ya shule ya baba ilitoka wapi.

Maadui wa sanduku hilo wanajulikana: unyevu wa mlimani, moshi wa jikoni, mchwa, panya, na siku ile baada ya msiba ambapo ndugu wenye haraka hufagia chumba na kuchoma "makaratasi ya mzee". Huyo wa mwisho huharibu mengi kwa saa moja kuliko mchwa kwa miaka kumi.

Familia inayotaka kuokoa kilichomo inaweza kuanza Desemba hii, bila gharama kubwa.

Kwanza, ombeni ruhusa. Sanduku lina mwenyewe, na bibi anayeombwa kwa heshima hueleza mengi kuliko anayepekuliwa. Zipo pia picha ambazo hatapenda zitoke nje, kama za msiba au za mtu aliyeondoka kwa ugomvi. Asikilizwe.

Pili, andikeni majina siku hiyo hiyo. Tumieni penseli laini nyuma ya picha, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya na kuchafua upande wa mbele. Kama mgongo wa picha unateleza na haushiki penseli, andikeni kwenye kipande cha karatasi na kukiweka nayo kwenye bahasha moja. Andikeni nani, wapi, lini, na nani ametoa maelezo hayo. Majina yaandikwe yote matatu, maana "shangazi" wa leo hatajulikana ni shangazi wa nani miaka arobaini ijayo.

Tatu, pigeni nakala kwa simu. Laleni picha mezani karibu na dirisha, mchana, bila taa ya simu, na simu iwe sawa juu yake. Kama picha ipo kwenye albamu, piga kwanza ukurasa mzima kabla ya kugusa chochote, kwa sababu mpangilio nao una habari. Piga na upande wa nyuma. Nakala zihifadhiwe sehemu mbili tofauti, kwa watu wawili tofauti. Kuzitupia tu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo hakutoshi. Picha hupungua ubora zinapotumwa hivyo, na simu ikipotea nazo zinapotea.

Nne, msizitie leminesheni na msibandike kwa gundi au selotepu. Karatasi iliyokwisha kufungwa kwa plastiki haifunguliki tena bila kuharibika. Bahasha ya karatasi na boksi kavu lililoinuliwa kutoka sakafuni vinatosha.

Tano, rekodini sauti. Bibi akieleza picha, simu iwe inarekodi, naye ajue kwamba inarekodi. Kama anaeleza kwa Kichagga, aachwe aeleze kwa Kichagga. Tafsiri itafanyika baadaye.

Kutoa si kutupa

Baada ya hapo linakuja swali gumu: je, karatasi hizi zibaki nyumbani, au zitolewe mahali zitakapotunzwa na wengine wakazisoma?

Jibu hutofautiana kati ya familia na familia. Barua za mapenzi za babu na bibi pengine ni za ukoo tu. Lakini daftari la mikutano ya mfereji wa kijiji, picha za darasa la kwanza la shule fulani, au nakala za gazeti la Komkya la miaka ya 1950 ni historia ya watu wengi kuliko waliomo nyumbani humo. Usharika, parokia au shule ya hapo inaweza kuwa na kabati na mtu makini. Maktaba ya chuo kikuu inaweza kuzipokea. Kitaifa ipo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo familia inaweza kuifuata na kuuliza.

Popote zinapokwenda, pawe na maandishi ya makubaliano. Yaandikwe kilichotolewa, aliyetoa, kama ni nakala au ni asili, nani ataruhusiwa kuonyesha au kuchapisha, na familia itavionaje ikitaka. Watu wa Old Moshi wanajua vizuri nini hutokea vitu vinapoondoka bila karatasi na bila jina: vinahitaji maabara, ndege na zaidi ya miaka mia moja kurudi, na vingi havirudi.

Jua likianza kushuka, gari la familia linarudi chini kupitia Kiboriloni. Mtoto aliyekuwa akilalamikia njaa sasa anauliza maswali. Kwa nini walimnyonga? Fuvu lake liko wapi? Babu yetu alikuwapo siku hiyo? Mzazi hana majibu yote. Anaweza kusema kwamba yapo mawili ambayo bibi anaweza kuyajua, na kwamba kesho asubuhi, baada ya chai, watakaa naye na lile sanduku.

Januari watarudi mjini. Jioni sukari itaisha, na mtoto atatumwa kwa Mangi. Safari hii, kabla ya kutoka mbio, pengine atauliza kama yule mwenye duka anajua jina hilo lilitoka wapi.